Pembe za Zuhura

Bibi Tatu alimpa mjukuu wake Shadya paketi ya nusu kilo ya sukari, akamwambia aiinue mpaka usawa wa macho, kisha akaanza kuhesabu. Shadya alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha magurudumu, karibu na mlango. Ilipofika kumi na mbili mikono ikaanza kutetemeka. Kumi na tano, paketi ikamwangukia mapajani. Wakacheka wote wawili. Tatu akaleta mto, akauweka juu ya mapaja ya msichana ili viwiko viegemee, akahesabu upya. Safari hii alifika mia mbili, na aliyechoka kwanza alikuwa yeye mwenye kuhesabu.

Kipimo hicho alikitaka Nathanieli, mzee aliyewaongoza wageni wa kutazama ndege katika msitu wa Magamba miaka mingi. Sasa alikuwa anahamia Tanga kwa binti yake, na alikuwa na darubini mbili alizoachiwa na wageni hao. Moja kubwa, ya kuchungulia kwa jicho moja, imesimama juu ya miguu mitatu. Nyingine ndogo, ya macho mawili, ya kushika mkononi. Alikuwa amesikia kuwa Shadya anapenda nyota, akasema atampa moja kati ya hizo, ila msichana aende akajaribu mwenyewe.

Kwenda ndiko kulikokuwa na shida. Kiti hakipandi kwenye njia ya kwa mzee, ilibidi abebwe kwa machela. Na machela ikipita milimani, kila mwenye jembe huliweka chini, akaja kupokezana kubeba na kuuliza nani amezidiwa. Abubakari, baba yake Shadya, alisema hawezi kuliamsha bonde zima kwa ajili ya mchezo. Nathanieli hakubishana naye. Alisema basi nipimieni mambo mawili, uzito anaoweza kushika, na urefu kutoka ardhini mpaka jichoni akiwa ameketi.

Kwa Shadya haukuwa mchezo. Alikuwa na miaka kumi na saba, na daktari alikwisha kusema kwamba ugonjwa ulioanza miguuni hautaishia miguuni. Katika kitabu cha zamani cha jiografia alisoma kwamba nyota ya Zuhura hupungua kama mwezi, mpaka ikabaki na pembe mbili. Alipoyasema hayo wakati wa chakula, Saumu, mke wa baba yake, alicheka mpaka akaweka kijiko chini.

“Asiyefika hata kisimani ndiye anayetuletea habari za mbinguni,” alisema.

Tangu siku hiyo Shadya alitaka jambo moja tu, azione pembe hizo kwa macho yake, mikono ikiwa bado yake na mvua za masika hazijafunga anga.

Tatu alichana ukamba wa mgomba, akapiga magoti, akaushikilia chini kwenye sakafu na kuupandisha mpaka kwenye jicho la mjukuu wake. Saumu akatokea jikoni, akasimama akitazama.

“Mama, anayepimwa kwa kamba ni maiti,” alisema. “Au mnajua jambo ambalo hamjatuambia?”

“Pima vizuri, bibi,” Shadya alisema. “Nisije nikabanwa.”

Alisema akitabasamu. Abubakari alikuwa mlangoni, amesikia yote. Hakumkemea mkewe. Aliuchukua ukamba mkononi mwa mama yake, akautia motoni, akatoka kwenda kwa Nathanieli bila kungoja habari ya sukari wala ya mto.

Alirudi alasiri amelowa mvua, na darubini kubwa ameifunga ndani ya koti lake. Tatu aliliona hilo koti, akaliweka moyoni. Mtu amelowa mpaka kwenye ngozi ili kitu cha mwanawe kisilowe. Abubakari alisimulia kwamba Nathanieli alimsihi achukue ndogo, tena akamwonyesha kuwa miguu ya ile kubwa imeshika kutu na haishuki. Yeye akakataa. Mwanawe hatapewa kidogo mbele ya watu. Na baba akishasema, mwenye kutoa afanye nini?

Siku ya pili yake ilikuwa ishirini na tisa Shaabani. Mawingu yalipasuka baada ya magharibi, Zuhura akatoka juu ya mlima akiwaka. Jirani mmoja alikisogeza kiti cha Shadya kikaelekea machweo, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu bila kuambiwa. Abubakari alielekeza darubini kwenye nyota ile. Tundu la kuchungulia lilikuwa usawa wa kifua cha mtu mzima. Akamwinua binti yake kwa makwapa, akamshikilia hapo. Lakini kifua cha baba kilikuwa kinapanda na kushuka, na shingo ya msichana haikumtii.

“Naona mwanga unakimbia tu,” Shadya alisema. “Nishushe, baba. Unaumia.”

Watu wakaanza kuingia uani. Mzee Ismaili wa msikitini, ambaye kila mwaka huutafuta mwezi wa Ramadhani kutoka mlimani, alikuwa amesikia habari za darubini, akaja na wenzake. Shadya akaombwa asogee, kiti kinaziba njia. Ismaili akainama kwenye tundu, akachungulia muda mrefu.

“Umeandama,” alisema. “Mwembamba, una pembe mbili safi kabisa. Alhamdulillahi.”

Watu wakapiga takbiri, mmoja akakimbilia msikitini kupiga ngoma.

“Babu, shikamoo,” Shadya alisema. “Niwie radhi. Huo si mwezi, ni Zuhura. Ndizo pembe zake.”

Ismaili alimgeukia. “Umeziona kwa macho yako?”

“Sijaziona.”

“Basi shahidi ni aliyeona, mjukuu wangu.”

Saumu alicheka, na wengine wakamfuata. Abubakari alitazama chini.

Saa tatu usiku redio ikatangaza kuwa mwezi haukuonekana popote nchini. Wanawake walikuwa tayari wamepika daku. Kufikia asubuhi kijiji cha ng'ambo kilikuwa kinawaita waliotaka kuifungia nyota.

Ismaili alikuja mapema, amebeba mkungu wa ndizi kama mtu anayekwenda kwenye msiba. Tatu alimpokea, akamshukuru. Shadya alimwamkia, kisha akauliza swali alilolala nalo.

“Babu, jana ulisema pembe zilikuwa mbili. Zilielekea juu?”

Tatu alimwona mzee akimtazama Abubakari, akaitazama njia, akawatazama waliosimama kwenye ua wakingoja kusikia.

“Sikuona kitu,” Ismaili alisema. “Macho ya uzee. Kile chombo ni cha kudanganya watu.”

Abubakari aliichukua darubini, akaifunga juu ya moshi wa jiko, kwenye miti ya dari inapotundikwa mbegu ya mahindi.

Baada ya siku tatu Nathanieli alimpigia Tatu simu kutoka Tanga, akitaka kujua msichana ameona nini. Tatu akamweleza. Mzee akasema ile ndogo alimwachia mwalimu mmoja waliyepanda naye basi. Akasema pia kwamba kwa majuma haya pembe za Zuhura huonekana hata kwa ndogo, ilimradi mkono umetulia. Aliomba radhi kana kwamba kosa lilikuwa lake.

Mvua ilianza jioni hiyo. Shadya alikuwa mahali pake mlangoni, akitazama ukungu ukishuka mlimani, na mto bado uko mapajani.

“Alikuwa Nathanieli?”

“Ndiye.”

“Bibi, ile ndogo ingetosha?”

Tatu alikuwa na uongo mwepesi tayari mdomoni. Lakini msichana alikwisha kudanganywa na mzee wa msikitini.

“Ingetosha,” alisema, akaketi chini karibu na gurudumu, akaishika mikono yake yote miwili.