Mpira Ya Chuma

Siku ile nilivunja chaki tatu kabla sijamaliza kuandika tarehe ubaoni. Wanafunzi wananiita Pilipili, wanadhani sijui. Najua, na wala sijakataa. Ila hasira ya siku ile haikuwa ya chaki wala ya kelele za darasa. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeona alama za jaribio la fizikia, na binti wa kaka yangu alikuwa na nne kati ya ishirini.

Ili kubaki kwenye mchepuo wa sayansi zilihitajika kumi na mbili. Ilikuwa Alhamisi, na orodha ilikuwa ibandikwe Ijumaa saa sita mchana. Binti huyu anakaa kwangu kwa kuwa nyumba ya kaka iko mbali na shule, na tangu akiwa mdogo amekuwa akifungua redio za watu kutazama kilichomo. Zote alizirudisha zikiimba, isipokuwa yangu.

Jaribio lenyewe nililibuni mimi, na nilikuwa nalionea fahari. Springi za maabara zilikuwa zimeliwa na kutu, na nilipomwomba mkuu wa shule anunue nyingine, aliniambia, "Mwalimu, tumia ulichonacho." Nikatumia. Msumari mmoja kwenye ukingo wa meza, mpira mmoja mwembamba wa kufungia karatasi, kopo la rangi lililotobolewa na kutiwa kamba, rula, na nati kumi kubwa kutoka karakana, zote za uzito mmoja. Unatundika kopo kwenye mpira, unatia nati moja, unapima mpira umerefuka kiasi gani, unatia ya pili. Ukimaliza unachora grafu. Tabu pekee niliipata kwa mtunza stoo. Nilimwandikia "mipira arobaini", akaja kuniuliza shule ina timu ngapi.

Kwa kuwa nina mtoto wa nyumbani darasani, nilikataa kusahihisha mwenyewe. Sikutaka maneno. Kazi akapewa mwalimu wa kemia, ambaye tunamwita Rula kwa sababu hajui kupinda.

Wakati wa mapumziko nilimkuta kwenye chumba cha walimu anakunywa chai. Sikumsalimu.

"Huyu mtoto umempa nne kwa kosa gani?"

"Grafu yake imepinda," alisema. "Wenzake thelathini na tisa wamepata mstari mnyoofu. Yeye kaniletea kilima."

Nikamnyang'anya karatasi. Kweli, mstari ulikuwa umepinda. Nati za mwanzo zilikuwa zimeuvuta mpira kidogo tu, za katikati zikauvuta sana, za mwisho kidogo tena. Na hakuishia hapo. Baada ya nati ya kumi alizitoa moja moja akapima upya, kazi ambayo sikuwa nimempa mtu yeyote, akachora mstari wa pili ulioshuka kando ya ule wa kwanza bila kuufuata. Chini yake aliandika: "Mpira haurudi kwa njia uliyoendea." Rula alikuwa ameizungushia sentensi hiyo duara jekundu na kuandika, "Upuuzi."

Damu ilinichemka. Ningekuwa birika ningepiga mluzi.

"Upuuzi ni wako! Umewahi kuvuta mpira wewe, au suruali zako zote ni za mkanda?"

Walimu waligeuka. Rula aliweka kikombe chini polepole, tabia yake ninayoichukia kuliko zote.

"Mwenzangu, mimi nafuata mwongozo wa kusahihishia. Huu hapa. Soma."

Nikasoma kwa sauti ili chumba kizima kisikie. "'Mpira ya chuma ikivutwa, inarefuka kwa kiasi kinacholingana na uzito ilioubeba. Mwanafunzi atapata mstari mnyoofu.' Haya jamani! Mpira wa chuma mmeuona wapi? Na Kiswahili gani hiki, mpira ikivutwa? Mbumbumbu gani kaandika haya, hata ngeli hajui?"

Mwalimu wa Kiswahili alicheka hadi akapaliwa na chai. Rula hakucheka. Alifunua ukurasa wa pili na kuweka kidole chini kabisa. Saini ilikuwa yangu, ile ninayoipindia mkia.

Nikakumbuka yote hapo hapo. Ulikuwa mwongozo wa zamani wa jaribio la springi. Nilikuwa na haraka, nikamwambia karani, popote penye "springi" weka "mpira". Kompyuta ikabadilisha neno, ngeli ikaziacha kama zilivyokuwa. Nami nikatia saini bila kusoma hata mstari mmoja.

Nilitoka bila kuaga. Nilikwenda maabara, nikafunga mlango, nikatundika kopo, na kwa mara ya kwanza nikalifanya jaribio langu. Nati ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilipofika ya sita nilishajua. Mpira ulipinda grafu yangu vile vile ulivyopinda ya yule binti, na nilipozitoa nati ukarudi kwa njia nyingine.

Karatasi thelathini na tisa zilikuwa na mistari minyoofu. Walikuwa wamepika namba, wengine sufuria moja, maana hata desimali zilifanana. Nilitaka kuwakasirikia, nikajikuta sina haki hiyo. Wiki moja kabla, mimi ndiye niliyesimama mbele yao nikasema, "Mtapata mstari mnyoofu, na asiyepata amekosea." Walimpa Pilipili alichoagiza. Mkono mmoja tu ulinyooka siku ile.

"Shangazi," aliuliza, "wewe umeshalijaribu?"

Darasa lilicheka. Niliona aibu, na aibu yangu huwa inatokea mdomoni ikiwa hasira. "Hapa shuleni mimi si shangazi yako," nilimwambia. "Kaa chini."

Akakaa.

Nilijichukia pale maabara kwa namna ambayo sijawahi kumchukia Rula. Kisha nikaenda kwa mkuu wa shule, nikamweleza kila kitu nikiwa nimesimama.

"Ukibadilisha mwongozo leo," alisema, "watu watasema unambeba mtoto wa kaka yako."

"Waseme. Jaribio lifutwe, warudie wote, na yeye arudie. Asahihishe Rula, karatasi zikiwa hazina majina."

"Itabidi nikuandikie barua ya onyo."

"Iandike, Mkuu. Ila uisome kabla hujatia saini."

Ijumaa orodha haikubandikwa. Niliingia darasani nikaandika ubaoni: "Mwongozo niliuandika mimi. Sikulijaribu jaribio. Andikeni mnachokiona." Chaki haikuvunjika. Walinitazama kama niliyevua viatu kanisani, halafu makopo yakaanza kutundikwa. Binti wa kaka alikuwa dawati la nyuma. Alipima, akaandika, hakuinua uso hata mara moja.

Jioni Rula alinikabidhi karatasi. Grafu arobaini, zote zimepinda. Huyu wetu alikuwa na kumi na nane. Mbili alimkata kwa mwandiko, ndivyo alivyo.

Nilifika nyumbani karibu nikimbie. Nilimkuta jikoni anaosha vyombo, mgongo umenielekea. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yote yakanipotea.

"Umebaki sayansi, mwanangu," nilisema. "Wewe ndiye uliyekuwa sahihi, mimi nilikosea. Na vile nilivyokujibu mbele ya wenzako lilikuwa kosa kubwa zaidi. Nisamehe."

Alifunga bomba. Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine, akageuka. Alikuwa na furaha usoni, niliiona. Lakini ilikuwa furaha ya mwanafunzi anayepokea matokeo.

"Asante," alisema. "Nimesamehe."

Nilisubiri neno lililozoea kufuata. Miaka yote aliyokaa kwangu hajawahi kumaliza sentensi bila kulitia. Alichukua sahani kutoka kwenye kabati, akaipangusa.

"Mwalimu," aliniuliza kwa adabu, "utakula sasa au nikufunikie?"