Mshika Tochi

Mtu akikutania kwa jina baya mara moja, unacheka yanaisha. Akikupachika likaganda, mtaa mzima ukaliimba, huo sasa ni wizi. Mimi huku kwetu naitwa Mshika Tochi, na aliyenibandika ni mume niliyeachana naye, yule wanayemwita Injinia.

Injinia! Lo, makubwa. Mtu ambaye spana na kijiko kwake ni mamoja. Ufundi niliurithi mimi kwa baba yangu, na jiliwa lake la kubania vyuma bado limefungwa kwenye meza huku uani kwangu. Tulipokuwa mke na mume, mimi ndiye niliyelala chini ya gari letu, geti limefungwa, mwenzangu yuko sebuleni anasoma gazeti. Gari likipona, anajipaka grisi kidogo shavuni, makusudi kabisa, anatoka nalo barabarani. "Nimelihangaikia asubuhi nzima," anawaambia watu. "Mke wangu ananisaidia kushika tochi." Maana chini ya gari ni giza hata saa sita mchana, tochi lazima iwepo. Nami nilinyamaza, nikidhani sifa ya mume ni ya nyumba nzima.

Tukaachana. Yeye akaondoka na sifa, mimi nikabaki na jiliwa. Kila niliyemwambia aniletee gari lake alicheka: "Wewe si wa tochi?"

Basi juzi kati akanijia, ana adabu ambayo sijaiona tangu siku alipoleta posa.

"Bibie, habari za siku nyingi?"

"Sema shida yako."

Shida yake ilikuwa hivi. Mwenye Teksi, yule mwenye magari yote yanayoegeshwa pale kona, anafungua karakana na anatafuta fundi mkuu. Alimpa Injinia teksi moja ambayo bushi zake za mbele, zile pete za mpira, zimekwisha, kila ikipita shimoni inagonga. Akamwambia aitengeneze nyumbani. Akiridhika, kazi ni yake.

"Nifanyie hii moja tu," akasema kwa sauti ya chini. "Kama zamani. Tunafunga geti, hakuna atakayejua."

Kazi hiyo niliiomba mimi! Nilikwenda kwa Mwenye Teksi kwa miguu yangu, akanijibu mbele ya madereva wake, "Dada, siku nikitaka wa kushika tochi nitakuita." Walicheka mpaka wakashikana mabega. Sasa huyu anataka niitumbukize kazi hiyo mfukoni mwake kwa mikono yangu mwenyewe. Damu ilinichemka. Nikatabasamu.

"Lete Jumamosi asubuhi," nikamwambia. "Mimi na wewe tena?"

Alipopinda kona tu, nikavaa viatu, moja kwa moja mpaka kwa Mwenye Teksi. Nikamwambia Injinia atafanya kazi uani kwangu Jumamosi, aje amwone kwa macho yake, na madereva aje nao wajifunze. Nilirudi nyumbani naimba. Jumamosi atakiona cha mtema kuni.

Akaja kweli, na mama yake kiti cha mbele. Mama mkwe hakuwahi kuachana nami. Husema talaka aliitoa mwanawe, yeye hajatoa. Akashuka taratibu, mkono kiunoni kwa ule mgongo wake, akakaa kwenye kigoda kando ya ukuta. Injinia akafunga geti. Nikaenda nikalifungua, mbawa zote mbili. Mwenye Teksi akaingia, na madereva nyuma yake.

Injinia alinitazama kama mtu aliyekalia siafu.

"Haya Injinia," nikasema kwa sauti ya kufika barabarani, "vifaa hivi hapa." Nikachukua tochi mezani. "Mimi niko tayari."

Maji akishayavulia nguo, angefanyaje? Akapiga jeki, akasimamisha gari kwenye stendi, akatoa matairi ya mbele. Alipoingia chini nikapiga magoti, nikammulikia vizuri kabisa. Sitaki mtu aseme nilimnyima mwanga.

"Sasa nifungue ipi?" akaninong'oneza.

"Mimi nashika tochi tu, baba," nikajibu kwa sauti.

Madereva wakaangua kicheko. Jamani, kisasi kitamu! Wanaosema hakina faida hawajawahi kukionja. Aling'ang'ana na nati, akajichubua vidole, akatukana kimoyomoyo, midomo ikicheza. Lakini mtu akichungulia dirishani miaka mingi, kuna kinachomwingia. Akafanikiwa kuchomoa ile mikono ya chuma inayoshikilia magurudumu. Akaibana kwenye jiliwa la baba yangu, akazisukuma nje bushi za zamani, mpira umepasuka kama kisigino. Akapaka mpya maji ya sabuni, akazisukuma ndani. Zikaingia! Utamu wote ukanitoka. Mwenye Teksi alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika.

Akairudisha mikono mahali pake. Kisha, gari likiwa bado juu ya stendi, akachukua spana ndefu akaanza kukaza bolti kwa nguvu zake zote, moja baada ya nyingine, anaguna kama anayebeba gunia.

Hapo moyo wangu ukaruka. Kosa ndilo hilo! Baba alinifundisha kabla sijajua kusuka nywele: bushi ni mpira. Ukikaza bolti gari likiwa hewani, mpira unabanwa vile mikono inavyoning'inia. Ukilishusha, uzito unausokota, na unabaki umesokotwa hivyo kila siku ya Mungu mpaka uchanike. Kwanza gari likanyage, ndipo ukaze. Na kosa hili halionekani kwa macho. Teksi itatoka hapa kimya, laini, watu watapiga makofi, halafu baada ya muda si mrefu itaanza tena: ngo, ngo, ngo.

Nikafunga mdomo. Uchanike! Uchanikie mbele ya abiria.

Injinia akarudisha matairi, akashusha gari, akajifuta jasho. Mwenye Teksi akalisukuma kwa mikono, likacheza bila kelele. Akatoa ufunguo mfukoni. "Huu wa karakana," akasema. "Jumatatu uanze."

Ndipo nikazinduka. Mpaka mpira uje kuchanika, huyu atakuwa ameshakalia kiti, ana mafundi chini yake, atasema bushi zilikuwa feki. Kisasi changu kitafika kazi ikiwa imekwenda.

"Bolti zimekazwa gari likiwa hewani," nikasema. "Bushi hizo hazidumu."

Injinia akacheka. "Mnamsikia? Mtalaka hakosi neno." Madereva nao wakacheka, walewale waliokuwa wakimcheka yeye. Mwenye Teksi akanipungia mkono ninyamaze. Nilisimama pale na tochi yangu inawaka mchana kweupe.

"Mwanangu," ikatoka sauti kando ya ukuta. "Zilegeze hizo bolti. Gari likanyage kwanza, ndipo ukaze."

Mwenye Teksi akageuka. "Mama, na wewe haya umeyajulia wapi?"

"Kwa mkwe wangu huyu," akasema mama mkwe, akijiinua polepole kwenye kigoda. "Kila alipolala chini ya gari, mimi nilipiga magoti pembeni. Mgongo huu unadhani umeharibikia wapi? Tochi nilishika mimi."

"Na Injinia?"

"Sebuleni."

"Mama!" Injinia akamaka.

"Mama nini? Kazi umemwibia mwenzio, sawa, nilinyamaza nikitegemea utaona haya. Hata tochi yangu nayo ukaigawa!"

Hakuna aliyecheka. Mwenye Teksi aliutazama ufunguo, akaurudisha mfukoni, akanikoholea kidogo.

"Fundi," akaniita. Fundi! "Unaweza kuzirekebisha sasa hivi?"

"Bushi bado nzima," nikasema. Nikainua gari, nikalegeza bolti zote, nikaweka magogo manene chini ya matairi, nikalishusha likayakanyaga kwa uzito wake wote. Injinia alikuwa ameanza kunyemelea geti. Aende zake hivihivi? Thubutu!

"We, njoo hapa," nikamwita. Akaja, maana madereva walikuwa wamesimama njiani. Nikamwekea tochi mkononi, nikalala chali, nikajisukuma chini ya gari.

"Piga magoti," nikamwambia. "Kushoto kidogo. Hapo hapo. Na usitikise, fundi anataka kuona."