Anayemwagilia Maua

Yule mwalimu wa darasa alifundisha kwa mgongo. Akiingia anausalimu ubao, anaujaza maandishi mpaka pembeni, kisha huyo kitini na simu yake. Watoto walimpachika jina la Nakili, maana ndilo neno walilolisikia kwake kutwa nzima. Na hayo ndiyo Bidii aliyoyapandia ndege kuja kujifunza ugenini, jamani.

Bidii nalo ni jina la utani. Wenzake chuoni walimwita hivyo kwa kupenda kwake kumaliza kazi kabla haijagawiwa. Chuo kilimpangia mazoezi ya kufundisha katika darasa hilo, chini ya Nakili huyo huyo. Akifeli, anarudi kwao mikono mitupu, na mama yake alishawatangazia majirani wote kwamba binti atarudi mwalimu.

Kilichomkera zaidi ni habari ya Kimya, msichana wa dawati la nyuma, ambaye maneno yalimkwama kooni. Kila akija mkaguzi, Nakili humtuma nje kumwagilia maua, hata siku ya mvua. Maua yamenawiri, mtoto hajui kugawanya.

"Mwalimu, huyu naye si mwanafunzi?" Bidii alimuuliza.

"Mwanangu, hujaijua kazi hii," Nakili akamjibu kwa upole. "Mkaguzi atakupima kwa majibu ya watoto, na huyu hana jibu la kukupa. Kesho zamu yako. Mtoe nje."

Bidii alimdharau mzee yule kutoka moyoni.

Kesho yake mkaguzi wa chuo akaja, akaketi pembeni, akatoa kalamu. Bidii aliandika hesabu ya kugawanya ubaoni. Kabla hajafungua kinywa, Kimya akanyanyuka, akachukua kopo la maji, akashika njia ya mlangoni. Hakuna aliyemtuma.

Na Bidii, yule yule aliyewaka jana, akashusha pumzi. Alifurahi. Nafsi ilifurahi kabla hajaizuia, na alipojigundua aliona aibu mpaka masikio yakamchoma. Kumbe ndivyo mtu anavyokuwa Nakili, kidogo kidogo, bila hata kukusudia.

Akamfuata mlangoni. "Rudi ukae, mama."

Mtoto alimtazama mkaguzi, akamtazama na yeye. Neno lilichukua muda kutoka. "U-u-utafeli, mwalimu."

Nyuma yao, kitini pake, Nakili akakohoa. Bidii alimpokea kopo, akaliweka chini, akamshika mkono mpaka dawatini. Kisha swali la kwanza akamuuliza yeye.

Darasa zima likageuka. Midomo ya Kimya ilicheza, sauti haikutoka. Mkaguzi aliandika kitu, akatazama saa yake. Watoto wa mbele walinyoosha mikono juu, wakililia kutoa jibu walilokuwa nalo. Bidii aliwaashiria waishushe, akavuta kiti, akaketi karibu na mtoto kumsubiri.