Ufunguo wa Namba Mbili

Jengo lile lilikuwa na ghorofa nne na meneja mmoja, na ghorofa ndizo zilizokuwa zikifanya kazi. Lifti ilikufa zamani, ikageuzwa stoo ya ndoo zilizotoboka. Maji yalifika ghorofa ya kwanza yakachoka. Na kile chuma cha kushikilia ngazini, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, jamani, kilikuwa kinacheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Ukimpigia meneja simu, jibu lilikuwa hilohilo kila siku: "Tunalishughulikia." Wapangaji wakambandika jina, Bwana Tunalishughulikia, na hata watoto wakimwona mbali walilitaja na kukimbia.

Siku moja wapangaji wakachoka, wakakaa kikao uani. Wakasema iandikwe barua ya kumfikia mwenye jengo kupitia kwa meneja, na aandike Karani wa ghorofa ya nne. Huyu alifanya kazi masjala, na alijua barua ya aina gani huwekwa kwenye faili na ya aina gani hufungiwa maandazi.

"Hilo la chuma liandike kwa herufi kubwa," alisema Mama Mkasi, mshonaji wa ghorofa ya tatu. Jina alipewa kwa kazi yake, na kwa ulimi wake pia. "Mimi napita pale nimekumbatia bunda la sare za shule, hata miguu yangu siioni. Siku nikianguka mtanizika na vifungo."

Wakacheka. Akatia sahihi yeye wa kwanza, wakafuata wengine kumi. Asubuhi yake Karani akaichukua barua na kuingia ofisini kwa meneja.

Meneja aliisoma yote, kalamu nyekundu mkononi, na kila jambo akaliwekea alama ya vema, kama alivyozoea kwa kila karatasi iliyopita mezani pake. Maji, vema. Taa, vema. Chuma, vema.

"Una mwandiko mzuri," alisema. "Mama anaendeleaje? Bado unambeba mgongoni?"

Karani akaitikia kwa kichwa. Tangu mama yake apatwe na kiharusi, miguu ilikuwa imegoma, na kila wiki alimteremsha ngazi zote zile kwenda kliniki na kumpandisha tena.

"Namba mbili ya chini iko wazi," meneja akasema. "Bomba liko mlangoni kabisa. Nilitaka nimpe mtu mtulivu." Akaisukuma barua irudi upande wa Karani, juu yake akaweka ufunguo. "Hii ikimfikia mwenye jengo ataanza kunihoji, na mimi nikihojiwa sigawi nyumba. Kaa nayo kwanza."

Wewe ungekataa? Usijibu upesi. Asubuhi ileile mama yake alikuwa amejizuia kunywa chai ili asimsumbue mwanawe kwa kwenda msalani. Karani alitazama ufunguo, akatazama barua, akavichukua vyote viwili. Moyoni alijiwekea wiki moja tu: amhamishe mama, kisha arudi na barua yake. Wiki ikazaa mwezi, mwezi ukazaa mwenzake.

Walipomuuliza alisema, "Nimeifikisha." Na kweli, ilifika. Usiku aliyarudia maneno hayo kichwani akajiona hajasema uongo, asubuhi akiamka anajiona mwongo.

Tena majirani haohao ndio waliomhamisha! Godoro lilishushwa na Mama Mkasi akisaidiana na mwenziwe, kisha akashona pazia la dirisha bila kuombwa, akalitundika mwenyewe. "Mungu humkumbuka anayemtunza mama yake," alisema, akiwa bado juu ya kiti, pini mdomoni. Karani akajifanya anatafuta nyundo.

Jumanne moja, saa moja asubuhi, Karani alikuwa anafunga kamba za viatu aliposikia chuma kikilia, halafu kishindo, halafu kimya. Alipofika ngazini alikuta sare za shule zimetapakaa, na Mama Mkasi amekaa katikati yake, ameushika mkono wake kama mkono wa mtu mwingine. Ulivunjika mara mbili, kifundoni na chini ya kiwiko. Mkono wa kulia, ule wa mkasi.

Alikwenda kumwona hospitali. Mama Mkasi alipomwona akajaribu kucheka. "Pole wewe, Karani. Ulihangaika na barua yako, wakakupuuza." Karani alitaka kusema. Wallahi alitaka. Badala yake akaaga, na alipofika kituo cha basi akagundua kwamba hata machungwa aliyompelekea mgonjwa alikuwa anarudi nayo.

Ijumaa jioni kikao kiliitishwa tena uani, safari hii meneja akiwapo.

"Poleni," alisema meneja, mikono mifukoni. "Lakini hakuna mtu aliyenijulisha. Barua sijaiona. Mwenye jengo atagharamia vipi hospitali kwa jambo ambalo hakuambiwa?"

"Usituone mazuzu!" Mama Mkasi alisimama, mkono umening'inia kwenye kitambaa shingoni. "Nilimwona Karani kwa macho yangu haya mawili akiingia ofisini kwako na barua mkononi. Karani, hebu mwambie!"

Meneja alimtazama Karani, wala hakuonyesha wasiwasi. Kisha akatazama dirisha la namba mbili, ambako mama yake Karani alikuwa amekaa nyuma ya pazia, akayarudisha tena macho kwa Karani. Mkataba wa namba mbili haukuwa umeandikwa popote. Karani akisema, mama atarudi ghorofa ya nne. Akinyamaza, Mama Mkasi atakuwa mwongo mbele ya watu, na mkono wake utatibiwa nusunusu kwa uwezo wake mwenyewe.

Karani akaingia ndani. "Kuna nini huko nje?" mama yake akauliza. "Nakuja, mama." Akaitoa barua kwenye mfuko wa kadi za kliniki, akatoka nayo.

"Hii hapa," alisema. "Aliisoma. Alama hizi nyekundu ni zake, mnazijua. Halafu akanirudishia, na ufunguo wa namba mbili juu yake. Nikapokea."

Barua ikapita mkono kwa mkono. Mtu mmoja nyuma akasema polepole, "Kikulacho ki nguoni mwako," na hakuna aliyeuliza anasemwa nani. Meneja akakohoa. "Basi, hilo... tunalishughulikia." Kwa mara ya kwanza hakuna aliyecheka.

Mwenye jengo alikuja wiki iliyofuata, akaiona barua na sahihi zake, akalichukua jukumu la hospitali, na meneja akaondoka na kalamu yake. Habari ya kuwahamisha wa namba mbili hata haikutajwa. Fundi wa kuchomelea akaitwa. Alianza saa mbili na saa nne alikuwa anakusanya vifaa vyake. Saa mbili za kazi, basi! Karani alisimama pale chini akihesabu miezi aliyokaa na ile karatasi, akajichukia.

Akapanda kwa Mama Mkasi. Cherehani ilikuwa imefunikwa kwa kanga, na sare za shule zilikwisha kupewa mshonaji mwingine. Akamnyooshea ufunguo.

"Hamia chini wewe. Mimi na mama tutarudi juu."

"Mama yako kakosa nini hata umpandishe?"

"Hajakosa kitu."

"Basi akae. Na mimi niingie mle nile makombo ya rushwa yako?" Sauti yake haikupanda, na afadhali ingepanda. "Wewe una mzigo, Karani, unatafuta wa kukupokea. Nina mkono mmoja." Akafunga mlango taratibu.

Alipoteremka alimkuta mama yake dirishani.

"Yule mshonaji hapiti tena kuniamkia," mama alisema. "Na watu wakinisalimu hawakuulizii wewe. Tumemkosea nani?"

Karani akavuta kigoda, akamweleza yote, tangu kalamu nyekundu hadi mlango uliofungwa.

"Na mimi nilikuwa najisifu," mama akasema. "Kila mgeni nilimwambia, nyumba hii tumepewa na Mungu." Akaushika ukingo wa dirisha. "Mwite yule mama aje."

"Hatakuja, mama."

"Basi fungua vizuri nimwite mimi."

"Mama, wewe huna kosa, uani kuna watu..."

"Fungua."

Akafungua. Mama yake akatoa kichwa nje, na kwa sauti ile iliyopindwa na kiharusi akaita kuelekea juu, "Mama Mkasi! Mwanangu! Nimelala raha humu sikujua! Nisamehe!" Waliokuwa bombani wakaacha ndoo zifurike. Karani alibaki amesimama nyuma ya kiti, hajui aiweke wapi mikono yake.

Dirisha la ghorofa ya tatu likafunguka.

"Wewe huna kosa, mama," Mama Mkasi akajibu. "Wewe lala tu." Na uani watu wote wakamtazama Karani.