Msitu wa Chumba cha Simu

Ifahamike kwa walimwengu wote, wakubwa kwa wadogo, kwamba Jumatatu hiyo teknolojia na maumbile vilipeana mikono. Yaani, kibodi ya Sukari ililowa.

Sukari alikuwa akipokea simu za malalamiko katika kampuni ya kuuza friji. Jina hilo alipewa kwa sababu ya sauti yake, ambayo asubuhi ilikuwa tamu na ikifika saa nane mchana ilikuwa shubiri. Kila meza ilikuwa na kioo kidogo, maana meneja aliamini kwamba mteja husikia tabasamu. Dirisha pekee lilikuwa limepigiliwa ubao ili jua lisimulike kwenye kompyuta. Hali ya hewa Sukari aliijua kwa kuwauliza wateja.

"Mkipandisha alama za wateja," meneja alikuwa ameahidi, "dirisha nalifungua kwa mkono wangu."

Kisha akasoma mahali kwamba miti hutuliza watu, akaweka picha ya msitu kwenye kila skrini.

Umande wa msitu huo ndio uliotangulia kuchuruzika kutoka skrini. Sukari akafuta kibodi, akaendelea na simu. Jumanne majani yalichomoza kwenye kona ya skrini. Jumatano akatoka ndege, akatua juu ya kioo, akajitazama, akaridhika.

"Dada, sogeza tawi lako, linanichoma jicho," jirani yake alisema.

"Langu? Fuata shina uone limetokea kwa nani."

Mteja mmoja aliyepiga simu ili atukane aliyakatiza matusi, akasikiliza ndege. "Kwani mama, uko wapi?"

"Ofisini."

"Mna nafasi za kazi?"

Saa nane ikafika, Sukari bado mtamu. Alama zilipanda hadi meneja akadhani mfumo umeharibika. Alhamisi Sukari akamwendea, nywele amezichana vizuri kwa ajili ya jua.

"Bosi, lile dirisha letu."

Meneja aliinamisha kichwa kumpisha tumbili. "Dirisha? Mama, mna msitu mzima humu. Dirisha la nini tena?"

Sukari akarudi kwenye kiti chake, akacheka mpaka ndege wakamwitikia, kwa kuwa kulia kungemharibia sauti. Ubao ukabaki palepale.

Ijumaa msumari mmoja wa ubao ulikutwa sakafuni. Meneja akauliza ni nani. Chumba kizima kikaunyooshea vidole mmea uliotambaa ukutani, naye akauandikia barua ya onyo.

Hadithi hii ilipaswa kuishia hapo, kwa heshima na taadhima. Lakini Sukari amesimama nyuma yangu, mimi wa meza ya pili, anasoma juu ya bega langu, na anauliza mbona kile kijiko kilichopotea jikoni hakimo humu.

Haya, nimeshikwa. Mmea hauna kosa. Ni mimi na kijiko.

Bado misumari mitatu.