Kipande cha Erina

Asubuhi Mama alipofariki, maharage aliyokuwa ameyaloweka yalikuwa bado kwenye sufuria, yamevimba. Hakuna aliyetaka kuyapika, na hakuna aliyetaka kuyamwaga. Mwishowe Sophie, mke wa kaka yangu Kule, aliwasha moto akayapika, ingawa kwa mimba yake ya miezi sita hata kuinama kulimchosha.

Maharage hayo yalilowekwa kwa ajili yake. Mwezi mmoja kabla, nesi mmoja wa Bwera alimpima damu akasema imepungua sana. Akijifungua hivyo na kutokwa na damu nyingi, anaweza kufa. Alimpa vidonge vya madini ya chuma, akamwambia ale mboga za majani za dodo, maharage, dagaa, na maini kidogo mara moja kwa wiki. Chai isinywewe pamoja na chakula; afadhali maji ya ndimu. Mama alisikiliza kuliko Sophie mwenyewe.

Baba, ambaye ujanani alifanya kazi kwenye mgodi wa Kilembe, alicheka kutoka barazani.

“Chuma? Mimi nilichimba shaba, hakuna aliyeniambia niile.”

“Wewe hukubeba mimba,” Mama alimjibu kutoka jikoni, huku akisogeza birika mbali na Sophie.

Nyumbani kwetu Karambi, maini ni ya baba mwenye nyumba. Mke wa mtoto haombi, wala hali mbele ya baba mkwe. Lakini tangu nikiwa mdogo, kila maini yalipopatikana Baba alikata kipande kikubwa akampa Mama. Mama alisema asante, akaenda nacho jikoni. Sisi wanawake tu tulijua kinakoishia: kwa yeyote mwenye mimba. Mimi nilikila nilipokuwa na mimba ya mwanangu Hardy.

Siku ya mazishi walichinja ng'ombe. Tulipotoka kaburini, wanaume walichoma maini nyuma ya nyumba. Nilikwenda pale na sahani.

“Ronah, umepotea njia?” alisema Tsongo, mdogo wake Baba. “Utumbo iko kule kwa wanawake.”

“Nimekuja kwa Baba.”

Baba hakuwa amekula. Mbele yake kulikuwa na kipande kimoja juu ya jani la mgomba.

“Hicho mtu asikiguse,” alisema. “Ni cha mama yako Erina. Hakuna aliyependa maini kama yeye.”

Niliketi chini. Ningeweza kunyamaza, naye angebaki na kumbukumbu yake nzuri. Lakini Sophie alikuwa jikoni, midomo imepauka, na aliyekuwa akimlisha tulikuwa tumetoka kumzika.

“Baba, Mama hakuwa akila.”

“Hakuwa akila nini?”

“Maini. Alitugawia sisi. Yule mwenye mimba.”

Tsongo aliacha kutafuna. Baba alilisogeza lile jani karibu naye.

“Hata kidogo?”

“Hata kidogo. Alisema harufu yake inamchefua.”

“Na kila mara alisema asante.”

“Ndiyo, Baba.”

Nilidhani atalia. Badala yake aliuliza, “Kwa nini hamkuniambia? Kwani ningewanyima?”

“Ungetupa?”

Alifikiri. Nilimpenda kwa sababu alifikiri kwanza.

“Sijui,” alisema. “Erina ningempa.”

Kisha alikunja lile jani, akaliweka kwenye sahani yangu.

“Irudishe kwenye moto kidogo. Ndani bado nyekundu. Huyo mutoto asile kitu kibichi.”

“Mwaka huu tutaona mambo,” Tsongo alisema, lakini alisema kwa sauti ya chini.

Sophie alikila chote amesimama, bila kuuliza kimetoka wapi. Nilimwambia baadaye.

Siku hizi Baba ananunua maini mwenyewe sokoni Bwera, mara moja kwa wiki, na kunipa mimi nimpelekee Sophie, kwa kuwa bado hawali pamoja. Damu imepimwa tena. Imepanda, lakini haijatosha. Anaendelea na vidonge, na mwezi ujao atajifungulia hospitali.