Magunia ya Pamba Mtoni

Tamaa mbele, mauti nyuma. Nilimwambia hivyo Chenge, dereva wa lile lori, usoni kabisa, nikamwongezea na mengine ambayo mwanamke wa heshima hayarudii. Ulikuwa msimu wa pamba, miaka mitatu kabla ya Uhuru. Alikuwa amerundika magunia mpaka lori limepita urefu wa nyumba, akapanda nalo daraja la magogo njia ya Magu kwenda Mwanza, magogo yakavunjika. Lori likakwama pale pale juu ya daraja.

Nyuma yake lilikuwa basi letu, na ndani yake binti yangu Moza, uchungu umemshika tangu alfajiri, mtoto amekaa vibaya tumboni. Mkunga alishasema tumfikishe hospitali ya Mwanza, ama sivyo tutazika wawili.

Mto ulikuwa umekauka, mchanga mtupu, lakini kingo zilikuwa ndefu na basi lisingeweza kushuka. Abiria wakasema tusubiri. Nisubiri nini mimi?

Ndipo tukasikia ngoma. Vilikuwa vikundi viwili vya kulima, Wagika na Wagalu, wanakwenda kushindana kucheza, kila mtu na jembe lake begani. Hao hawapatani hata kidogo. Wakikutana ni kutambiana na kutishana kwa dawa. Nikawaeleza habari ya Moza. Wagika wakaushambulia ukingo wa huku, Wagalu wa ng'ambo, majembe yanapanda na kushuka pamoja kwa mdundo, udongo unaporomoka. Jamani, kazi nimeona, lakini ile sijaiona tena. Nilisahau hata kulia.

Basi likashuka, likafika katikati, likazama mchangani. Ally, dereva wetu, akauinamia usukani. Moza akaniita, sauti imemwishia.

Mzee Ngosha, mkuu wa Wagika, akalitazama lori, kisha akawaamuru vijana wake wateremshe magunia wayatandike mchangani mbele ya basi. Chenge akapinga kwamba ni mali ya watu. Ngosha akamjibu taratibu kuwa watu wenyewe ndio hao, pamba imetoka mashambani mwao. Wagalu nao, wasiokubali kushindwa na Wagika, wakashusha magunia ya pamba ya kwao, wakayatandika mbele zaidi mpaka ng'ambo.

Ally akagoma kuondoa basi. Alikuwa mtoto wa mkulima.

"Shikamoo, mzee. Siwezi kukanyaga jasho la watu la mwaka mzima."

"Marahaba. Kanyaga, mwanangu," Ngosha akasema. "Pamba tutalima tena."

Akakanyaga. Magunia yakapasuka, pamba ikamwagika nyeupe mchangani. Niliwaona kupitia dirisha, Wagika na Wagalu bega kwa bega, wanaitazama, na mimi na mdomo wangu wote huu nikakosa hata asante.

Mjukuu wangu alizaliwa Mwanza jioni ile, mzima, na mama yake mzima.

Mwaka ule wanawake wa vijiji vya wakulima wale hawakuvaa khanga mpya za pesa ya pamba. Nilikuwa nawaona sokoni Magu na zile zile zilizochakaa, naona haya kuwatazama. Wao wakinisimamisha waliniuliza tu mtoto anaendeleaje.